Kufunga paneli za ndani za Volkswagen Beetle ya zamani: mwongozo kamili, kuanzia kung'oa mpaka skrubu ya mwisho

Wakuu, hii ni kwa yule ambaye Beetle yake imeshatoka kwa fundi bodi, rangi imekaa, injini inawaka vizuri, alafu akifungua mlango anakutana na bati tupu na vipande vya hadibodi vilivyovimba kwenye kona. Hapo wengi wanakuwa wameshachoka na hela imeshaisha, wanampigia fundi makochi aje apime, anashona vizuri tu, kazi inapendeza, mvua za masika zikipita paneli zimepinda, klipu zimechomoka, na chini ya kapeti kuna bwawa. Lawama zote anabeba fundi makochi wakati wala sio yeye. Paneli ya mlango inaharibikia nyuma, upande usiouona, kwahiyo kazi kubwa kwenye huu mwongozo ipo kabla hujagusa leza (ile ngozi ya bandia ya kufunikia paneli) hata kipande.

Nimechukua Beetle kwa sababu ndo gari ya zamani ambayo bado zimebaki za kutosha huku kwetu. Ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, wazee wetu wakaipenda, walimu na mapadri wakaiendesha, na mpaka leo unaikuta imeegeshwa chini ya mwembe inasubiri mtu mwenye moyo. Alafu paneli zake ni za kujifunzia, ziko bapa, hazina mikunjo ya ajabu, ukiziweza hizi hata Peugeot 504 au Land Rover hutaiogopa sana.

Kwanza jua gari yako ni ya mwaka gani

Usiruke hapa. Volkswagen walikuwa wanaanza modeli mpya mwezi wa 8, kwahiyo gari iliyotoka kiwandani Septemba 1966 ni modeli ya 1967, hata kama kadi inasema 1966. Na modeli ya 1967 ina vitu vingi vya milango ambavyo havifanani na kabla yake. Ukiagiza paneli zilizotobolewa tayari kutoka nje kwa kuangalia kadi tu unaweza kuletewa paneli nzuri kabisa ambayo tundu la kitasa liko sehemu nyingine. Angalia namba ya chesesi, iko chini ya siti ya nyuma kwenye lile boksi la katikati, tafuta mwaka wake wa modeli ndo uagize. Na hata ukishaagiza, linganisha na paneli yako ya zamani kabla hujatupa chochote.

Ndo maana nasema paneli ya zamani, hata iwe imeoza nusu, usiitupe mpaka siku gari inatembea.

Kung'oa bila kuharibu

Piga picha kila kitu, karibu na kwa mbali, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Chukua vimfuko vidogo vya nailoni, kila skrubu iingie kwenye mfuko wake na karatasi imeandikwa "mlango wa dereva, amresti, chini" (amresti ni ile ya kuegemezea mkono). Unajiona utakumbuka, hutakumbuka.

Anza na mkono wa kupandishia kioo. Kwenye gari za kuanzia modeli ya 1968 mkono una kifuniko cha plastiki juu yake, unakibetua taratibu kwa bisibisi nyembamba ya bapa, chini yake kuna skrubu ya nyota, unafungua na mkono unatoka. Gari za kabla ya hapo mkono unashikiliwa na pini iliyopita katikati ya shina, hapo unasukuma ile sahani ya nyuma ya mkono iingie ndani kuelekea kwenye paneli, pini inaonekana, unaigonga itoke kwa msumari mwembamba uliokatwa ncha. Ukivuta kwa nguvu bila kutoa pini utavunja mkono au utaharibu meno ya mashine ya kioo.

Kitasa cha ndani nacho, ukivuta kile kisahani chake cha plastiki utaona skrubu. Zile plastiki zina umri wa miaka 50 na zaidi, zimekauka, zinavunjika kwa kuangaliwa tu, kwahiyo fanya kazi hii mchana jua likiwa limepasha gari, plastiki ikipata joto inalainika kidogo. Amresti skrubu zake ziko chini, lala uziangalie. Kile kidude cha kufungia loki juu ya mlango kizungushe kitoke.

Sasa paneli yenyewe. Imeshikiliwa na klipu za chuma zenye springi kuzunguka ukingo wote isipokuwa sehemu chache. Tumia kisu kipana cha puti, kizungushie tepu ili kisikwaruze rangi mpya, kiingize kati ya paneli na bati, kisogeze mpaka kiguse klipu, alafu betua HAPO HAPO kwenye klipu. Watu wanabetua katikati ya klipu mbili, hadibodi iliyolowa miaka yote inachanika pale kwenye tundu la klipu na umepoteza pateni yako, yaani umbo la kuchorea paneli mpya. Ikishaachia pande zote usiivute tu, inyanyue uangalie nyuma kama hakuna kitu kimeng'ang'ania.

Ndani ya mlango, hapa ndo penyewe

Ntakaa hapa sana maana hapa ndo watu wanapita haraka.

Elewa kwanza maji yanaingiaje. Mlango wa gari haujatengenezwa usiingie maji. Mvua ikinyesha maji yanateleza kwenye kioo, yanapita kwenye ile raba ya juu, yanashuka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu yaliyo chini kabisa. Hiyo ni kawaida, na ni hivohivo kwa gari zote, hata gari mpya ya juzi. Shida inakuja pale matundu yameziba, au ile nailoni ya nyuma ya paneli haipo. Nailoni ikikosekana, matone yanayorukia ndani yanapiga moja kwa moja kwenye hadibodi, inanyonya, inavimba, inapinda, klipu zinaachia. Beetle nyingi ninazoziona huku hazina nailoni kabisa, kuna fundi aliwahi kufungua mlango miaka ya 80 akaichana na hakuirudisha, na kila aliyefuata akaona ndo ilivyo.

Basi fanya hivi. Chukua waya au bisibisi nyembamba, zibua matundu yote ya chini ya mlango, alafu vuta uchafu wote ulioko ndani. Utakuta majani, mchanga, shilingi ya zamani, kipande cha kioo. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, weka dawa ya kubadilisha kutu, ikauke, piga red oksaidi (rangi ya msingi ya kuzuia kutu) alafu rangi. Kwa watu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar nasisitiza zaidi, hewa ya chumvi haina huruma, ukiona kutu imetoboa mshono wa chini wa mlango mrudishie fundi bodi sasa, maana ukishafunga paneli hutataka kufungua tena.

Ukimaliza rangi, pulizia nta ya kuzuia kutu kwenye mishono ya chini. Najua wengi wanamwagia oili chafu ya injini. Mimi sikushauri. Oili inashuka, inalainisha raba mpaka zinavimba, inatambaa mpaka kwenye leza na kuipiga doa, na gundi haishiki tena sehemu yenye oili hata uifute mara ngapi. Kama imeshamwagwa na mtu kabla yako, safisha kwa tina na maji ya sabuni mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Alafu mashine ya kioo. Beetle nyingi za hizi modeli zinatumia waya unaopita ndani ya bomba kusukuma kioo. Pandisha na kushusha kioo paneli ikiwa wazi, sikiliza. Kikikwama, kikikoroga, kikicheza pembeni, tengeneza sasa hivi. Paka grisi kidogo kwenye reli, angalia ule mpira wa kitambaa ambao kioo kinapita ndani yake, ukiwa umechakaa badilisha. Angalia raba mbili zinazobana kioo kwa juu, ya nje na ya ndani, zikiwa zimekatika maji yataingia maradufu. Kaza boliti zote za loki na mashine. Funga mlango taratibu na kwa nguvu, usikilize kama kuna chuma kinalia ndani. Kikilia sasa kitalia milele.

Kama unataka kupunguza kelele za bati, bandika vipande vya lami ya kuzuia mlio katikati ya bati la nje kwa ndani, kipande kimoja cha kama karatasi ya A4 kwa mlango kinatosha. Usijaze mlango mzima, unaongeza uzito kwenye bawaba ambazo tayari ni za zamani, na hakikisha hakigusi kioo kikiwa chini.

Sasa nailoni. Nunua nailoni nzito, ile ya mafundi ujenzi inayowekwa chini ya zege ni nzuri kabisa. Kata kubwa kuliko mlango, toboa matundu madogo tu kwa ajili ya shina la mkono wa kioo na kitasa, na bandika kwa tepu ya butili (ile nyeusi laini inayonata kama ulimbo) kuzunguka pembeni na juu. Jambo la muhimu: ukingo wa CHINI wa nailoni usiubandike juu ya bati, uingize ndani ya mlango kupitia yale matundu makubwa ya bati, ili maji yanayoshuka juu ya nailoni yarudi ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Ukiibandika kwa nje, umetengeneza mfereji unaopeleka maji kwenye kapeti. Silikoni usitumie, siku ukitaka kufungua itakuwa vita, na nyingine inatoa harufu ya siki ambayo inachochea kutu.

Kabla hujaendelea mwagia mlango maji kwa mpira dakika kadhaa, kioo kikiwa juu, mtu mwingine akae ndani na tochi. Maji yote yatoke chini ya mlango kwa nje. Yakitokea upande wa ndani hata tone, rudi nyuma.

Mpangilio wa kazi

Swali ninaloulizwa sana ni nini kinatangulia. Kwenye Beetle ni hivi: silingi (kitambaa cha dari) kwanza, alafu vioo vya mbele, nyuma na pembeni, alafu raba za milango, alafu kapeti, alafu paneli za kota za nyuma (za ubavuni, pembeni ya siti ya nyuma), alafu paneli za milango, siti mwisho kabisa. Sababu sio utaratibu wa kitabuni, ni kwamba silingi ya Beetle inakunjwa kuzunguka ukingo wa matundu ya vioo na raba ya kioo ndo inakuja kuibana. Ukishafunga vioo alafu ukasema utaweka silingi baadae, utavitoa tena. Na kapeti inapanda ukutani kidogo, ukingo wake wa juu unafichwa na paneli ya kota, ndo maana kapeti inatangulia.

Silingi ni somo lake peke yake, sitaimaliza hapa. Ila jua kwamba inaning'inia kwenye fito za chuma, kila fito ina urefu na mkunjo wake, kwahiyo ukizitoa ziwekee namba kuanzia mbele na alama ya kushoto. Ukizichanganya hakuna namna silingi itanyooka.

Ubao wa paneli

Kama paneli zako za zamani ni ngumu bado na hazijapinda, zifute vumbi, zipige sila (dawa ya kuziba ubao usinyonye maji), zitumie. Za kiwandani zilikuwa za ubao wa nyuzi uliokandamizwa, unene kama milimita 3 hivi. Ukizitengeneza upya una njia tatu za kweli. Hadibodi ya milimita 3, ni rahisi na inapatikana kila mahali, ila haipendi maji. Plaiwudi ya marini ya milimita 3, ni bora zaidi, ila ni ghali na sio kila duka wana ya unene huo. Na shiti ya plastiki ngumu, ambayo haiozi kabisa lakini gundi inachagua, na kwenye jua la Dodoma gari ikiwa imefungwa vioo inaweza kulainika na kupata mawimbi. Mimi nachagua marini, nikikosa nachukua hadibodi na kuipiga sila vizuri. Ya milimita 4 au 6 achana nayo kabisa, hata kama muuzaji anasema "ndo imara bosi", klipu hazitafika na mkono wa kioo hautaingia kwenye shina.

Weka paneli ya zamani juu ya ubao, ibane kwa klampu, chora kwa penseli iliyochongwa, matundu yote pia. Kata kwa jigso (msumeno mdogo wa umeme) yenye meno madogo, nje ya mstari, malizia kwa msasa. Alafu geuza paneli ya zamani upande wa pili ndo uchore ya mlango mwingine, maana milango ni kulia na kushoto. Makosa ya kukata paneli mbili za kushoto yapo kwa mafundi wazoefu kabisa, andika "KUSHOTO" au "KULIA" kwa maka kubwa upande wa nyuma wa kila ubao kabla hujawasha jigso.

Kama huna paneli ya zamani kabisa, chukua karatasi la khaki au boksi jembamba, libandike kwenye mlango kwa maskin tepu, na bonyeza kwa kidole kuzunguka ukingo mpaka upate umbo. Kwa matundu ya klipu kuna ujanja mzuri sana: panga klipu kwenye matundu ya mlango, paka kila ncha lipstiki, bonyeza boksi juu yake, kila klipu inaacha alama. Lipstiki ombeni kwa mwenyewe, msichukue tu.

Matundu ya klipu toboa kidogo kidogo. Klipu inatakiwa iingie kwenye ubao na iweze kusogea milimita moja au mbili kila upande, huo mchezo ndo utakuokoa siku ya kufunga. Ukishatoboa, piga sendingi sila au vanishi pande ZOTE mbili na kingo zote, na ndani ya kila tundu kwa brashi ndogo. Mikono miwili ya sila, kingo mara tatu. Maji hayaingii kwenye uso wa ubao sana, yanaingia kwenye ukingo uliokatwa.

Kabla ya leza jaribu ubao mtupu mlangoni. Weka klipu zote, funga kabisa, funga na kufungua mlango, angalia kama ubao unagusa fremu au siti, angalia kama shina la kioo liko katikati ya tundu. Kasoro ya ubao mtupu unairekebisha kwa msasa. Ukishabandika leza ni kubandua.

Leza na sponji

Leza ya siti za makochi ni nene na haivutiki, tafuta ya magari, nyuma yake ina kitambaa cha kufuma na ukivuta inakubali kidogo pande zote. Ukiwa Kariakoo au Gikomba ivute mbele ya muuzaji, ikunje kwa nguvu uangalie kama inapata mstari mweupe, ikipata iache. Rangi nyeusi, krimu na nyekundu iliyokoza ndo zinaendana na Beetle za miaka ile, ingawa gari ni yako, ukitaka ya machungwa shauri yako. Upana wa leza kwa kawaida ni kama mita 1.4, kwa milango miwili na kota mbili zisizo na mistari mita 2 zinaweza kutosha, kama unataka mistari ya kushona chukua 3, maana kila mshono unakula kitambaa.

Ile mistari ya wima ya kiwandani ilichomwa kwa mashine ya joto, huku tunashona. Weka sponji nyembamba ya milimita 3 mpaka 5 chini ya leza, chora mistari kwa chaki nyuma, shona kwa cherehani ya viatu au ya makochi, uzi wa nailoni, mshono mrefu kidogo. Mshono mfupi unatoboa leza karibu karibu na itachanika kwenye mstari. Shona KWANZA alafu ndo ukate umbo, kwa sababu mishono inavuta kitambaa na kinapungua. Na sponji nene niliyoiona kwa watu wanaotaka "laini laini" ni ileile stori ya ubao mnene, inasukuma mkono wa kioo nje, unashika meno mawili tu ya shina, baada ya miezi unazunguka bure.

Kubandika

Fanya sehemu ya wazi yenye hewa, gundi ya kontakti ina harufu kali, hamna sigara wala jiko karibu. Paka ubao na paka nyuma ya leza, acha mpaka ukigusa kwa kidole isivute uzi, dakika kama 10 au 15, siku ya joto mapema zaidi. Ukiharakisha, hewa ya gundi inanaswa ndani na siku jua likipiga unapata mapovu.

Laza leza kwa kuanzia katikati, mtu wa pili ashike upande mwingine, sukuma kwa kiganja kwenda pembeni. Kama kuna mistari, chora mstari wa katikati kwenye ubao na uifuate, mstari uliopinda nusu sentimita kwenye paneli utauona kila ukipanda gari. Acha ukingo wa kukunjia wa sentimita 2 hadi 2.5. Kona za nje za mviringo kata vipembe vidogo vya umbo la V nyuma ili visijikusanye, kona za ndani chana mistari mifupi bila kufika ukingoni, bakiza milimita 3. Pasha kwa draya ya saluni wakati unavuta kona, leza inanyooka yenyewe, ila hita ya mafundi rangi iwe mbali maana inayeyusha leza kwa sekunde.

Stepla kwenye ubao wa milimita 3 kaa nazo mbali, pini zinatokea upande wa pili. Gundi tu, na kigongeo cha mpira. Kata leza iliyokunjwa pale inapofunika tundu la klipu. Matundu ya kitasa na mkono wa kioo usiyakate yote saa hiyo, choma tundu dogo tu katikati kwa sasa. Lala nayo usiku mmoja juu ya meza, upande wa leza chini kwenye blanketi, uzito juu.

Kufunga kota za nyuma

Kota zinatangulia milango. Siti ya nyuma iwe nje, kapeti ya matao ya matairi imeshabandikwa na kukauka. Paneli inaingia kwa kuinamisha, chini kwanza nyuma ya eneo la siti, alafu unainua juu. Kama silingi yako inashuka pembeni ya dirisha la nyuma, ukingo wake wa chini unafichwa na paneli hapa, kwahiyo uwe umeshakatwa na umebandikwa, usining'inie. Ukingo wa mbele unakutana na raba ya mlango, hakikisha leza iko chini ya raba na sio juu yake, la sivyo mlango utaanza kufunga kwa shida na mtaanza kumtafuta mchawi kwenye bawaba. Ukiwa na kibakuli cha majivu kwenye kota, toboa tundu lake baada ya paneli kukaa, sio kabla.

Kufunga paneli za milango

Klipu nunua mpya, seti nzima, ni vitu vya bei ndogo na za zamani zimechoka springi. Na kama mlango wako una vile vikombe vya raba au plastiki kwenye matundu, weka vipya pia, vinazuia maji na vinazuia klipu kulia.

Ingiza klipu zote kwenye paneli, zote zitazame upande mmoja. Ining'inize paneli kwa shina la kioo kupita kwenye kile kitundu kidogo ulichochoma, hapo unajua iko mahali pake. Anza na kona ya juu ya mbele, angalia kila klipu kwa jicho iko sawa na tundu lake, hii unaweza kwa kuchungulia pembeni, alafu piga kwa kiganja juu ya klipu, sio katikati ya klipu. Ikiingia utasikia. Nenda juu mpaka nyuma, shuka pande mbili kwa pamoja, malizia chini. Klipu ikigoma usiongeze nguvu, itapinda au itatoboa leza. Toa, isogeze, ule mchezo wa milimita mbili ndo unafanya kazi sasa.

Ikishakaa pande zote, shika ukingo ujaribu kuinyanyua. Ukiona kuna sehemu inapumua, kuna klipu haijashika.

Sasa ndo unapanua tundu la shina la kioo, kwa kisu chenye wembe mpya, duara dogo kuliko kisahani cha plastiki kitakachofunika. Weka kisahani, weka mkono, skrubu, kifuniko. Kioo kikiwa juu kabisa elekeza mikono ya milango yote miwili upande mmoja, ikae kwa kulingana. Hapo kuna watu wanaonifokea kwamba ni kitu kidogo, lakini majaji wa kongkos (mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri) pale Ngong Racecourse Nairobi wanaangalia vidogo hivohivo, na wewe mwenyewe ukikaa siti ya nyuma utaona.

Kitasa cha ndani kinafuata, jaribu kufungua mlango kabla hujaufunga, mlango ukiwa WAZI, sukuma loki kwa bisibisi ijifunge alafu vuta kitasa uone kama inaachia. Ukifunga mlango na kitasa hakijashika vizuri utaufungua kwa nje, na kama cha nje nacho kina matatizo basi umejifungia kazi. Amresti mwisho, tafuta matundu yake kwa sindano ya kushonea kupitia leza, ukiyapata choma kwa msumari wa moto mwembamba, msumari wa moto unachoma kingo za leza hazichaniki baadae. Skrubu za amresti zinashika kwenye bati, hadibodi haina nguvu ya kubeba mtu anayevuta mlango. Tundu la bati likiwa limepanuka weka nati ya kubana, usiongeze skrubu nene.

Pandisha na kushusha kioo mara kadhaa. Mkono ukiwa mgumu kuliko ulivyokuwa kabla ya paneli, basi kisahani kinasugua leza, legeza skrubu kidogo au weka washa nyembamba ya plastiki nyuma.

Wiki za mwanzo

Acha vioo wazi kidogo mchana kama gari iko kwenye ulinzi, harufu ya gundi itoke. Usipake mafuta ya kung'arisha deshibodi kwenye leza mpya, kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha, yale mafuta yanaingia kwenye mishono na yanakusanya vumbi. Mvua ya kwanza kubwa ikipita, ingiza mkono chini ya kapeti pembeni ya kizingiti cha mlango, kila upande. Pakiwa pakavu, rudisha siti. Pakiwa na unyevu usiguse paneli kwanza, chungulia matundu ya chini ya mlango, mara nyingi kuna kipande cha nailoni au tepu kimedondoka kikaziba tundu moja, na kinatoka kwa waya bila kufungua kitu.